Fundi Aliyembebesha Tajiri Boriti

Habari imenifikia Jumanne, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi: yule fundi mwashi wa mtaani kwetu hapa Bagamoyo amefariki kwao Saadani, na wamekwisha kumzika. Wasomaji wangu wa siku zote mtaniwia radhi. Nilikusudia kuandika juu ya bei ya sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti tunaouza ng'ambo, lakini bei itangoja. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye chokaa ndevuni hata siku ya Idi, na mbishi kuliko wote niliopata kuwajua.

Mwaka mmoja jirani yangu, tajiri mwenye asili ya Oman, alitaka kurundika magunia ya sandarusi ghorofani, kando ya ukuta wa pwani, penye upepo. Chini yake ndipo alipokuwa akilala mama yake. Fundi, aliyeitwa kuitengeneza sakafu ya kuyapokea, akakataa kazi.

"Ukuta ule umeliwa na chumvi, Sheikh. Hautahimili."

"Boriti zimelala juu ya kuta mbili," tajiri akajibu. "Zitagawana nusu kwa nusu."

Fundi akachukua boriti yenye urefu wa mikono sita, akafunga gunia la frasila tatu mikono miwili kutoka ncha moja, akamwomba tajiri aweke bega ncha hiyo. Yeye akaenda ncha ya mbali. Wakainua. Wapita njia wakasimama kutazama.

"Umenionea, fundi!"

"Sikukuonea. Uzito wa boriti yenyewe tumegawana sawa. Ila gunia liko karibu nawe: wewe umebeba frasila mbili, mimi moja. Zijumlishe, ni tatu zilezile."

"Basi tushushe!"

"Mpaka uniambie magunia utayaweka wapi."

"Upande wa njiani, kwenye ukuta mzima! Shusha, bwana!"

Masika yale, magunia yakiwa upande wa njiani, ukuta wa pwani ulipasuka toka juu hadi chini, ukainama, lakini haukuanguka. Bi mkubwa alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akigomba kwamba wamemkatiza usingizi.

Baadaye nilimwuliza fundi kwa nini hakuondoka tu, akamwachia tajiri ukaidi wake. "Nyumba yangu ya kwanza ilimvunja mguu baba mkwe," akasema. "Nilikuwa nimekisia." Hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona hacheki.

Siku hizi mji wetu unajengwa mbio, na tunasifiana milango ya nakshi. Ninyi mnaojenga mwaka huu, mwulizeni fundi wenu kila ukuta utabeba kiasi gani. Akikasirika, tafuteni mwingine.