Picha Niliyoangalia Peke Yangu

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya pumba za mpunga hunirudisha utotoni hata niwe wapi. Wiki iliyopita nilikuwa Ifakara, nikielekea kwa mama. Nilipopita nyuma ya mashine ya kukoboa, jenereta la fundi mmoja likinguruma pembeni, nikasimama katikati ya njia na kikapu changu. Bodaboda mmoja akaniuliza kama nimeamua kuhamia barabarani. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimekaa benchi la mbele kwenye banda la video, na nilikuwa na hasira.

Banda lenyewe lilikuwa la miti, paa la turubai, kuta za viroba vya mchele vilivyoshonwa pamoja. Jua la mchana lilipenya kwenye matundu ya viroba na kututia madoa usoni. Mtafsiri alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akisema maneno ya watu wote: ya bibi arusi, ya jambazi, hata ya mbwa. Mashine ya jirani ikianza kukoboa, yeye alipaza sauti na sisi tukasogea mbele.

Siku zote nilikwenda na Dada Sesi, aliyenizidi miaka minne. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani Idete, ndiye aliyenisuka, na tulilala kitanda kimoja. Lakini kwenye picha alikuwa adhabu. Alizungumza mwanzo hadi mwisho. Alimshauri stelingi apite mlango upi, alimtukana baba mkwe, alikula karanga zetu nyingi kuliko mimi, na kila nilipoziba macho kwa hofu alinipiga kiwiko.

"Tulia wewe. Stelingi hafi."

Kwetu watoto hiyo ilikuwa sawa na amri ya kanisani. Huyo mkubwa wa picha apigwe, atupwe mtoni, afungiwe kwenye nyumba inayoungua, mwisho atatoka akichechemea na msichana atamkumbatia. Nilimwamini dada. Ila niliomba, na niliomba kweli nikiwa nimepiga magoti, siku moja niende peke yangu.

Nikajibiwa. Wiki hiyo mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amekuja kutoka Malinyi na jogoo na samaki wakavu. Yeye hakujaliwa mtoto. Jumamosi mama akaniambia, "Leo nenda kwenye picha peke yako. Dada yako ana kazi." Akanipaka mafuta, akanivalisha gauni la kanisani. Gauni la kanisani, ndugu zangu, siku ya Jumamosi! Mtoto mwenye akili angeshtuka. Mimi nilijiona nimekua. Dada Sesi akanipa karanga zote kwenye karatasi, yeye hakuchukua hata moja.

"Angalia vizuri," akasema. "Utanisimulia."

Nisiwadanganye, ile raha sijawahi kuisahau. Nilichagua mahali pa kukaa. Nilikula karanga moja moja, nikimenya hata ganda jekundu. Nililia mahali pa kulia bila mtu wa kunicheka. Picha ilikuwa ya dereva wa lori aliyempenda binti wa tajiri, na ilionekana kama imetengenezwa kwa ajili yangu tu.

Karibu na mwisho dereva akapigwa risasi darajani. Binti akamwinua kichwa, naye akafumbua mdomo aseme neno. Hapo hapo basi likapita nje, likapiga honi ndefu iliyomfunika mtafsiri kabisa. Nikalilaani basi lile kwa matusi niliyofundishwa na dada. Honi ilipokwisha, dereva alikuwa amefumba macho. Nikasubiri akohoe. Yakaja maandishi. Stelingi amekufa.

Nilikimbia hadi nyumbani, viatu mkononi. Sikuwahi kuwa na habari kubwa namna ile, na mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja tu duniani.

Mama alikuwa kibarazani akipeta mchele.

"Dada yuko wapi?"

"Amekwenda Malinyi na mama yako mkubwa. Atakaa naye huko."

"Atarudi lini?"

"Ingia ndani ukale."

Ndani kulikuwa na wali na yule jogoo. Sikula. Kitandani kwetu upande wa dada, ule wa ukutani, ulikuwa umetandikwa vizuri, kama wa mgeni.

Kumpa ndugu mtoto si jambo la ajabu kwetu, nalielewa. Lakini kwetu hata aliyekuja kuomba chumvi husindikizwa hadi njiani. Mimi sikupewa nafasi ya kumbebea dada yangu mfuko hata mpaka kwenye kona. Walinipaka mafuta, wakanipa kile kile nilichokuwa nikikiomba, ili nisiwepo. Na yeye alijua, akaniambia nitamsimulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yangu siku ile ilikuwa ya kanisani.

Dada alipokuja kututembelea baada ya mavuno alikuwa amerefuka, naye akamwita mama yetu "mama mdogo". Mama akaitika. Nikatoka nje, nikaenda bandani peke yangu, na tangu hapo sijaenda kwenye picha na mtu. Hata leo nikifika Dar es Salaam kikazi hununua tiketi moja, nikakaa mbele, nikastarehe. Ila picha ikiisha mimi hubaki kitini hadi taa ziwashwe. Huwa sitaki kuwa wa kwanza kurudi nyumbani.

Basi wiki iliyopita nilipofika kwa mama nilimkuta Dada Sesi, amekuja na kitinda mimba wake. Televisheni ilikuwa inawaka. Kijana akaziba macho, mama yake akampiga kiwiko.

"Tulia wewe. Stelingi hafi."

"Anakufa!" nikafoka. "Usimdanganye mtoto!"

Wote wakanigeukia. Dada akanivuta kibarazani, alipokuwa mama na ungo wake.

"Ulijua," nikamwambia. "Siku ile ulijua."

"Mimi ndiye niliyemwambia mama akutume kwenye picha. Ungenishika gauni, nisingepanda lile basi. Tulipita pale mashineni. Nikamsikia mtafsiri, nikajua umo ndani. Nikamwomba dereva apige honi, labda ungetoka."

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyeachwa peke yangu. Sikuwahi kumwona yeye, mtoto wa miaka kumi na mitatu, ametoa kichwa dirishani akitazama mlango wa banda.

"Yule stelingi wa siku ile," akaniuliza. "Alipona?"

"Alikufa, dada. Alisema neno la mwisho wakati honi inalia. Sikulisikia."

Akakaa chini kwenye mkeka. "Nisimulie," akasema. "Anzia mwanzo."

Nikakaa kando yake, nikaanza na dereva na lori lake. Hakunikatiza hata mara moja. Mama aliendelea kupeta mchele wake, na hakuinua kichwa.