Mpira wa Kumpiga Mkwe

Juzi mjukuu wangu alifungua kopo la mipira ya tenisi, likatoa ile pumzi yake, na harufu ya mpira mpya ikanijaa puani. Papo hapo nikarudi mtaani kwetu Chumbageni, miaka ya hamsini. Nina miaka tisa, nimekaa kwenye jamvi na Mama kando ya uwanja wa mistari ya chokaa, majivuno yamenijaa pomoni.

Ilikuwa fainali ya wanaume wawili wawili. Baba, karani wa bandarini, alicheza na Mwalimu Hiza. Upande wa pili walikuwapo fundi cherehani mmoja na Mzee Kombo, ambaye ni baba mdogo wa Mama. Kwa umri yeye na Baba walilingana, lakini kwa ukoo alikuwa mkwe, na Baba hakumpita pasipo kuvua kofia na kumwamkia. Mimi nilikwisha kuwatangazia wasichana wote wa Nguvumali kwamba kombe ni letu. Hata sahani za Mama nilizitoa kabatini ili lipate nafasi.

Seti ya kwanza tukafungwa. Ya pili Mwalimu Hiza aliinyakua karibu peke yake. Kila mpira mkali Baba aliupeleka kwa fundi. Mkwe aliposogea wavuni, alirushiwa mipira laini, kama mtu anayepokezwa mayai. Mwalimu alimnong'oneza weee, Baba akatikisa kichwa tu. Niliona haya. Nilidhani baba yangu mwoga.

Jamvini wanawake wakaanza kucheka, mmoja akasema Mzee Kombo leo anabebwa kama bibi harusi. Mwenyewe akasikia. Walipokuwa wakibadilishana pande, alimsimamisha Baba.

"Mwanangu, wananicheka. Humu ndani ya chokaa nipige kama unavyompiga fundi."

"Siwezi, baba."

"Sikuombi. Nakuamuru."

Amri ya mkwe haikataliwi. Tangu hapo Baba alicheza nisivyopata kumwona, na Mzee Kombo naye akamjibu kwa nguvu zake zote, hata watu wakasahau kucheka. Mpira wa mwisho ulimpata Mkwe kifuani, pu! Baba alitupa raketi, akazunguka wavu mbio, akainama na kumpa shikamoo.

"Marahaba," alisema Mzee Kombo huku akijisugua kifua. "Ungenipiga mapema, saa hizi tungekuwa tunakula."

Kombe lilikaa kabatini. Kwa zile sahani nilichapwa, na nilistahili.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama siku Baba alipopata ujasiri. Kumbe ujasiri ulikuwa wa Mzee Kombo. Nililijua hilo mwaka jana, mkwe wangu, kijana mwenye adabu zake, aliponiachia nishinde karata mara tatu mfululizo. Moyo uliniuma kweli: alikwisha kuniona kikongwe. Nikakusanya karata, nikazichanganya upya.

"Mwanangu," nikamwambia, "nipige."