Tairi la Lami Kwenye Tope la Kivukoni

Juzi nilipanda gari dogo la kukodi kutoka Kibiti kwenda kivukoni Rufiji. Dereva alikuwa amefunga matairi mapya ya ng'ambo, mapana na laini, yenye mifereji myembamba.

"Haya ni ya mwendo kasi, ya nchi kavu," alituambia. "Yananata kwenye lami kama gundi."

Kweli, penye lami kona zote alizikata bila kupunguza mwendo, nami nikausifu moyoni huu uhuru wa biashara uliotuletea kila kitu.

Tulipofika kwenye mteremko wa pantoni, mvua ilikuwa imeshanyesha. Mama mmoja wa Chumbi, abiria mwenzangu, alilitazama lile tope jeusi, akavua kandambili zake.

"Mwanangu, nishushe hapa."

"Kaa tu, mama. Matairi mapya haya."

"Upya nauona. Vidole sivioni."

Akashuka pekupeku, akiteremka huku anachimbia vidole topeni. Mimi niliona aibu kumfuata, nikabaki garini.

Dereva alikanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Liliteleza kwa ubavu, polepole, mto ukizidi kutukaribia kiooni. Nilianza shahada, sikuimaliza. Matete ndiyo yaliyotuzuia, hatua mbili kutoka majini.

Tairi sililaumu. Lilikuwa aminifu kwa barabara lililotengenezewa. Sisi ndio tuliolileta mtoni.

Dereva alishuka, akainama kufungua kamba za viatu. Vyangu nilikuta nimeshavishika mkononi, na sikumbuki nilivivua saa ngapi.