Mpishi wa Halua Aliyesemekana Yuko Lamu

Wasomaji wangu, Jumatatu baada ya sala ya alasiri tulimzika mpishi wa halua wa huku kwetu Mji wa Kale, mtu ambaye wengi wenu mmekula kazi ya mikono yake harusini bila kumjua. Hakuwa rafiki yangu wa karibu. Tulikuwa watu wa salamu na kahawa. Lakini aliwahi kunisimulia jambo, akaniruhusu niliandike mradi nisimtaje jina, na sharti hilo nalitimiza hata leo.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini alipatwa na homa ya mapafu iliyomlaza katika wadi ya wagonjwa mahututi, akipumua kwa mashine. Alipozinduka, mikono iliyozoea kukoroga sufuria ya shaba kutwa nzima haikuweza hata kumfuta mate. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Kigiriama, alimketisha ukingoni mwa kitanda na mipira ya dawa bado imo mwilini, akimwinua mkono na kumkunja goti. Shemeji wa mgonjwa alilalamika, akitaka aachwe apumzike. Binti akamweleza kwa adabu kuwa mwili ukilazwa tu husahau kazi yake. Kilichomuumiza mgonjwa, aliniambia, ni kushikwa kiunoni na msichana wa umri wa bintiye, shemeji akitazama, naye akitokwa na machozi asiyoweza kuyapangusa.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani aliagizwa aendelee kwenda hospitali kwa mazoezi. Hakwenda. Alichelea kuonekana akiongozwa kama kipofu pale Makadara, ambako watu walimzoea akibeba magunia ya sukari. Wageni wakaambiwa amesafiri Lamu. Sisi jirani tulijua yumo ndani, tukaona heshima ni kunyamaza. Mtu mzima akiadhirika, tulisema, husitiriwa. Miezi ikapita, kiwiko cha kushoto kikakakamaa, kikakataa kunyooka.

Siku moja yule binti wa hospitali akapiga hodi. Mke akampa habari ya Lamu, na papo hapo kikohozi kikasikika nyuma ya pazia. Binti hakucheka. Aliketi, akanywa maji aliyopewa, kisha akasema polepole, "Mama, akirudi safari mwambie asinionee haya. Nimeshamwona akiwa hawezi kitu, na sikumdharau. Lakini mkono wake haungoji."

Mgonjwa akatoka nyuma ya pazia akiegemea ukuta, macho chini. Tangu hapo alifanya mazoezi, siku nyingine pale barazani, wapita njia wakimwona. Miguu ilipata nguvu, mkono wa kulia ukarudi kwenye mwiko. Wa kushoto haukunyooka tena maisha yake yote. Nilipomuuliza kama ndivyo maradhi yalivyomwacha, alitikisa kichwa. "Maradhi yaliniachia mkono," akasema. "Haya ndiyo iliyonipokonya."

Wahenga walimwonya mficha maradhi; hawakusema kitu juu ya jirani wanaomsaidia kuficha. Kimya chetu tulikiita sitara, na leo naona aibu kulitamka neno hilo. Mtu aliyetoka mahututi hujifunza upya kuketi, kusimama na kushika kijiko, kama alivyojifunza alipokuwa mtoto, na hakuna aliyemcheka wakati ule. Mkiwa naye mtaani kwenu, mpeni bega la kuegemea, mtoke naye nje mchana, watu wamwone.