Riwaya za Mapenzi Chumbani mwa Hina

Kama hujapata kumwona mwanamke wa Mombasa ametulia tuli, njoo umwone akiwa na hina mbichi. Mikono iko juu ya mito, miguu imenyooshwa, vidole vimetanuliwa. Hashiki kikombe, hashiki simu, hata pua ikimwasha humwomba mwenzake amkune. Mama yangu huwapaka wanawake hina katika chumba chetu cha ghorofani, Mji wa Kale, na tangu usichana wangu kazi yangu ni kuwadondoshea maji ya ndimu na sukari ili hina isikauke upesi na kubanduka. Siku hizi nasomesha ng'ambo ya pili, Likoni, lakini siku za hina bado niko pale pale, na nimejipa kazi nyingine juu ya ile ya ndimu: nawasomea riwaya.

Ilianza kwa kuchoshwa tu. Wanawake wasio na simu mkononi husengenya, na masengenyo ya mtaa wetu nilikuwa nimeshayasikia yote. Siku moja nikatoa kitabu nilichokuwa nikikisoma kwenye Feri, nikawaambia, "Haya, kama mwataka habari za watu, sikilizeni za hawa." Lo! Hawakuniachia mpaka adhana ya magharibi.

Na nisimsikie mtu akisema vitabu vya mapenzi ni upuuzi! Hapo hapo hupandwa na hasira. Vile vya zamani sivitetei, vya msichana kuzimia kila ukurasa mpaka tajiri aje amwokoe. Nazisema hizi za sasa, wanazoandika wanawake wenzetu, nyingine zikitoka vipande vipande kwenye simu, nyingine zikipigwa chapa na kupangwa barazani njia ya kwenda Marikiti. Ipo moja ya mjane mtu mzima anayependwa na muuza samli, naye hajui aone haya au afurahi. Hiyo ilimfanya mama akosee ua zima mguuni mwa mteja. Ipo ya mke na mume waliokaa pamoja mpaka wakasahau kuzungumza, wakaanza kuandikiana kwenye simu, mke jikoni, mume sebuleni. Hiyo niliisoma huku nalia, wala sikuficha. Aliyeandika alijuaje? Hilo ndilo linaloniduwaza mpaka leo: mtu nisiyemjua, hajapata kukanyaga ngazi zetu, aingie moja kwa moja moyoni mwa mwanamke aliyeketi mbele yangu, atoe neno ambalo mwenyewe hajawahi kumwambia mtu.

Alasiri ya Ijumaa moja alikuja bi harusi kutoka Bondeni. Alikuwa muuguzi wa wadi ya watoto wachanga, na harusi yake ilikuwa Jumapili. Alifuatana na mavyaa yake, mama wa bwana harusi, na hilo si kawaida, kwani mavyaa huleta hina, haji kuikalia. Lakini bibi yule alitaka kuona kwa macho yake kama maua yanachorwa apendavyo yeye. Alikuwa mwanamke wa haiba, amejifukiza udi, amezoea kusikilizwa. Hata buibui hajavua, alikuwa ameshatuarifu kwamba mkwewe angeacha kazi akishaolewa.

"Zamu za usiku si za mke wa mtu," alisema. "Mwanangu yuwaoa mke, haoi hospitali."

Bi harusi akainamisha kichwa. Mama akaendelea kukoroga hina. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama yule binti, na kila mara alikuwa akiitupia jicho saa ya ukutani, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nikamuuliza polepole ana nini. "Saa hizi wenzangu wanapokezana zamu," akaninong'oneza. "Kuna kitoto nimekiacha, hakijajua kunyonya." Nikamwonea huruma.

Mama alipomaliza mkono mmoja wa bi harusi, mavyaa akaingiwa na tamaa. "Nami nitie kidogo," akasema. "Ncha za vidole tu, mimi mtu mzima." Ncha zikawa vidole, vidole vikawa viganja, na punde si punde naye amenyoosha miguu, amekwama kama wenzake. Nikatoa kitabu.

"Cha nini hicho?"

"Cha mapenzi, mama."

"Astaghafirullah! Hivyo ndivyo vinavyowaharibu."

Lakini afanyeje? Kuondoka hawezi, na masikio angeyazibaje kwa mikono ile? Nikasoma.

Kilikuwa kitabu kipya nilichoazimwa na mwalimu mwenzangu, nami mwenyewe sikuwa nimekimaliza. Ni habari za mwanamke anayeendesha kreni bandarini. Kila alfajiri hupanda ngazi za chuma mpaka juu kabisa, akaketi ndani ya kijumba cha vioo na kuteremsha makontena, na chini yake wanaume wote wanangoja mkono wake. Anampenda mwenye duka la leso, mtu mpole, ambaye humpelekea chai ya tangawizi getini. Hapo mwanzo mavyaa aligeuza uso dirishani, ajifanya hayupo. Nilipofika mahali ambapo mwenye duka anamshika mkono kwa mara ya kwanza, mama akakohoa. Kikohozi cha mama ni amri. Maana yake ruka. Nikaruka.

"Mbona umeruka?"

Nilidhani ni bi harusi. Kumbe ni mavyaa!

"Usidhani sikuona, umefunua karatasi mbili. Mimi nina wajukuu, wanificha nini?"

Bi harusi alicheka mpaka mama akamkamata kifundo cha mguu: "Tulia wewe, utaniharibia!" Nikarudi nyuma nikasoma yote, mashavu yananiwaka moto.

Basi bibi akanogewa. Akawa haniachi nipumue. "Ehe, kisha?" "Mwanamume huyo nimempenda, ana adabu." Nikimeza mate tu, "Soma, mwanangu, soma!" Nikasoma mpaka mama wa mwenye duka akaingia hadithini. Mwandishi hakumfanya shetani. Alimfanya mama kama mama zetu, mwenye maneno laini, akaketi na yule mwanamke wa kreni, akamtilia kahawa, akamwambia kwamba mke wa mwanawe hawezi kuning'inia juu ya vyuma, watu watasema nini, na kwamba siku ya harusi itambidi ashuke.

Wallahi sikujua kama yamo! Maneno yale yale, sauti ile ile, yameandikwa na mtu wa mbali, yanasomwa mbele ya wenyewe. Mkono wa mama ulisimama juu ya mguu wa bi harusi. Bi harusi alikuwa amefumba macho.

"Mwanamke gani huyu!" mavyaa akafoka. "Hana hata haya! Mwenzake kaipata kazi kwa jasho lake, yeye amteremshe kwa kikombe cha kahawa? Asishuke! Akishuka leo, hapandi tena."

Kwa nje nilisikia mkokoteni ukipita uchochoroni.

"Na mimi, mama?" bi harusi akauliza.

Aliuliza kwa adabu, karibu kwa sauti ya kuomba radhi. Mavyaa akamtazama, akanitazama mimi, akakitazama kitabu. Nililiona lile neno lilivyomfikia. Mwishowe akasema, "Nioshe mikono," na mama akamwosha hina ambayo haijashika, bibi akavaa buibui lake akashuka ngazi bila kuaga. Mwanamke kama yule, kuondoka bila kuaga!

"Umeona?" mama akanigeukia. "Umemvunjia mtoto wa watu harusi kwa vitabu vyako!"

Nilitaka kulia. Lakini bi harusi hakulia. "Endelea," akaniambia. "Nataka kujua kama alishuka." Nikamsomea mpaka mwisho. Hakushuka, na mwenye duka akamwoa vivyo hivyo, na siku ya pili ya harusi akampelekea chai getini. Bi harusi akavuta pumzi.

"Hicho ni kitabu tu," akasema.

Jumapili tulikwenda harusini Bondeni. Roho yangu haikuwa yangu. Wanaume walikuwa wameshakusanyika msikitini, na sisi wanawake tumejazana ghorofani, bi harusi katikati, amefunikwa kichwa, mikono yake mizuri juu ya magoti. Mavyaa aliketi ukutani na watu wake. Tangu alipoingia alikuwa hajasema na mtu zaidi ya salamu.

Kabla ya kufunga nikahi ni lazima walii, mzee wake anayemwoza, aje kumuuliza mwari kama ameridhia. Na desturi yetu mwaijua: mwari hajibu. Huinama, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kuridhia kwake. Aliyejibu kwa sauti, shangazi zake watamfinya.

Ami yake ndiye aliyekuwa walii wake. Alipanda ngazi, akabisha hodi, wanawake wakajitanda. Akasimama mlangoni, akamtaja bwana harusi, akamuuliza bi harusi kama amekubali. Nilikuwa karibu, nikauona mdomo wake ukifunguka chini ya mtandio. Sauti haikutoka. Ukafunguka tena, ukafungika. Na ile kazi yake, na vitoto vyake, na miaka yake ya kusoma, vyote vilikuwa vinakwenda mle mle kimyani, mbele ya macho yetu.

"Alhamdulillahi, amekubali," ami akasema, akageuka kwenda zake.

"Mngoje!"

Wote tuligeuka. Mavyaa alikuwa amesimama.

"Hajajibu, huyo," akasema. "Ana sharti lake, na mwanangu nimeshamwambia, amelikubali. Lakini sitamsemea. Mngoje aliseme mwenyewe."

Hakuna aliyepata kuona jambo kama hilo, mama wa mume kumzuia walii mlangoni! Shangazi mmoja alishika kinywa. Ami akabaki na mguu mmoja nje, mmoja ndani, hajui atazame wapi. Akangoja. Tukangoja sote.

"Nimekubali, ami," bi harusi akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kisha ikapata nguvu. "Na kazi yangu siachi."

Ami akayarudia maneno yale kama alivyoyasikia, akashuka kuyapeleka msikitini. Vigelegele vilipolipuka nilishindwa hata kupiga. Nilikuwa nimeduwaa, machozi yananitoka. Mavyaa akarudi kuketi, safari hii kando yangu. Nikajikunyata ningoje kukaripiwa kwa ajili ya kitabu kile. Akachukua ncha ya leso yake, akajifuta macho, akaniinamia sikioni.

"Mimi sikungojewa," akasema.