Mate ya Mumbua

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nilikuwa na ugonjwa wa kusifu. Nikiona kitu kizuri, mdomo haukunyamaza. Na kwetu Yatta, si mbali na Matuu, kusifu mfugo kulikuwa na sheria yake: ukisema mbuzi amenona, unamtemea mate kidogo papo hapo. Usipotema na mnyama akiugua, watu watasema una jicho. Mtoto mwenye jicho hakukaribishwa kwenye boma la mtu. Akipita, mbuzi walifichwa.

Mbuzi wetu aliitwa Mumbua, jina tunalompa binti aliyezaliwa wakati wa mvua. Alikuwa wa Susu, nyanya yangu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu ambaye hakuwa na meno bado. Nilimpenda Mumbua kuliko shule. Asubuhi moja ya Novemba, baada ya mvua ya usiku kucha, nilisimama mlangoni mwa zizi nikapaza sauti, "Susu, angalia Mumbua amenona! Anakaa kama bibi ya chifu!"

"Tema mate," Susu akajibu kutoka jikoni.

Sikutema. Nilikuwa na haraka. Nilishaamua kwamba mbuzi mzuri namna hiyo anastahili kifungua kinywa cha maana, basi nikaingia shambani kwa Susu, nikachuma majani machanga ya kunde yanayochuruzika maji, nikampelekea kwa siri, mara tatu. Aliyamaliza yote. Nikaenda zangu kucheza, nikijiona mfugaji hodari.

Kabla ya saa sita Mumbua alikuwa amevimba. Ubavu wa kushoto ulipanda ukaupita uti wa mgongo, naye alihema mdomo wazi, akijipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Susu alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Ulimsifu. Mate ulitema?"

Nikatikisa kichwa.

"Njoo, mwana wakwa, mwanangu. Mtemee sasa."

Nikapiga magoti, nikavuta mate. Hayakuja. Hofu ilikuwa imenikausha kinywa chote. Nikapuliza tu, fff, na Mumbua akafumba macho kana kwamba nimemtusi. Nikalia. Mdogo wangu naye akalia, kwa sababu zake.

Ndipo akatokea Mzee Abdi, Msomali wa Matuu aliyezunguka vijijini kununua mbuzi. Hata salamu hakutoa. Aligonga ule ubavu kwa vidole, ukalia kama ngoma.

"Mama, hii si jicho. Hii ni hewa. Imekula nini?"

"Nyasi tu," Susu akasema.

Nilijua si nyasi tu. Nikinyamaza, Mumbua atakufa, mtoto atakosa maziwa, na mimi nitaitwa mwenye jicho mpaka uzeeni. Nikisema, kuna fimbo, kwa maana kunde zile zilikuwa mboga yetu ya wiki nzima.

"Kunde," nikasema. "Nilimpea kunde. Mingi."

Nilingojea kofi, halikuja. Hakukuwa na nafasi. Abdi alishaagiza mafuta ya kupikia, Susu akamnywesha Mumbua polepole. Kisha Abdi akampitisha kijiti kinywani kama hatamu, akakifunga kwa kamba nyuma ya masikio, tukamsimamisha miguu ya mbele ikiwa juu ya kichuguu. Mimi nilipewa kazi ya kusugua ubavu. Mumbua akaanza kukitafuna kile kijiti. Alitafuna na kutafuna, mate mazito yakamtiririka mpaka mikononi mwangu. Halafu akapiga mbweu. Ilikuwa mbweu ndefu, yenye harufu ya kunde zilizooza, na ilimpata Mzee Abdi usoni. Ikafuata nyingine, na nyingine. Ubavu ukaanza kushuka, na Susu akacheka mpaka akaketi chini.

"Nilisema nini?" akamwambia Abdi, akijifuta machozi. "Si nilisema ni mate?"

"Lakini mama, hayo ni ya mbuzi!"

"Mate ni mate."

Siku hizi nafundisha kilimo katika shule ya sekondari. Kila mwaka nachora ubaoni tumbo la mbuzi lenye vyumba vinne. Cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, kiko upande wa kushoto. Humo majani huchachuka na kutoa gesi mchana na usiku, na gesi hiyo lazima itoke kwa mbweu. Majani machanga, tena mabichi ya mvua, hufanya povu linaloinasa gesi isipande kooni. Mafuta hulivunja povu hilo, na mate anayomeza mbuzi akitafuna husaidia kazi hiyohiyo. Kwa hiyo Susu alikuwa sahihi. Alikosea mwenye mate tu.

Wanafunzi hucheka, nami hucheka nao. Lakini kuna jambo silichori ubaoni. Susu aliamini kabisa kwamba macho yangu yangeweza kumuua mbuzi aliyemlea mjukuu wake, na bado hakunifukuza zizini. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nafurahi.

Kesho yake baada ya mbweu zile, majirani walikuja kuangalia, maana habari ya jicho ilikuwa imeshavuka mto. Susu aliwaacha wasimame. Kisha akaniita mbele yao, akanitia mkononi sufuria ya kukamulia, akasema, "Kuanzia leo, huyu ndiye atakuwa akimkamua Mumbua."