Mkatoliki Aliyefundisha Habari za Wahugenoti

Kabla ya kukimbilia Johannesburg, Capitoline, mama yake Annick, alifundisha historia Bujumbura. Sasa anashona nguo mtaa wa Malvern, kwenye Barabara ya Jules, na hakosi misa ya Jumapili. Alishangaa basi pale Marthe, Mkongo anayeuza vitenge mlango wa pili, alipomwomba akafundishe watoto wa kanisa lao la Kiprotestanti.

"Mama Annick, shuleni wameambiwa kuna Wafaransa Waprotestanti, Wahugenoti, walikimbilia huku Afrika Kusini, kule Rasi, zamani. Wanatuuliza walikimbia nini. Wewe umeyasoma."

"Unajua nani aliwafukuza?"

"Najua. Watu wa kanisa lako."

Wenzake wa kwaya ya Kikatoliki walimkanya: atawachafulia jina. Lakini Capitoline alikumbuka kwamba kule kwao aliwahi kuruka sura nzima ya mauaji ya nchi yake kwa kuogopa wazazi wa wanafunzi. Aibu ile haijamtoka. Akamwambia Marthe atakuja.

Jumamosi alisimama mbele ya watoto kumi na sita, wazazi wachache wamekaa nyuma. Akaeleza jinsi mfalme wa Ufaransa, mwaka 1685, alivyofuta sheria iliyowaruhusu Waprotestanti kusali. Askari waliwekwa kwenye nyumba zao, wakala chakula chao, wakawapigia ngoma masikioni wasipate usingizi mpaka wakane imani. Makanisa yalibomolewa. Aliyekamatwa akitoroka alifungwa minyororo kwenye merikebu za mfalme, apige makasia.

"Na watoto?" aliuliza Shekinah, binti wa Marthe.

"Wengine walinyang'anywa wazazi wao, wakalelewa Kikatoliki. Kanisa langu lilishangilia. Siwezi kuwaficha."

Pitchou, mlinzi wa benki moja Sandton, akasimama kule nyuma. "Basi watoto wamesikia wenyewe Wakatoliki ni watu gani."

"Kaa, baba, sijamaliza," alisema Capitoline. "Miaka hiyohiyo, Uingereza, Waprotestanti waliwanyonga mapadri. Jumamosi ijayo tutasoma hayo."

Pitchou aliwashika wanawe wawili mkono, akatoka nao. Jumatatu Marthe alikuja dukani, uso umemshuka.

"Dada, wazazi wananipigia simu tangu jana. Hiyo ya mapadri si tungeiacha tu?"

Capitoline alisimamisha cherehani. "Ya kanisa langu nimeisema mbele ya watu, na imeniuma. Nikiiacha hii, nimewadanganya watoto. Ukitaka mwalimu mwingine, mtafute, sitakasirika. Ila mimi nikija, nitafundisha yote mawili."

"Eish. Njoo basi. Mchungaji nitaongea naye mimi."

Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa tisa tu. Capitoline hakuuliza wengine wako wapi. Aliandika ubaoni jina la Uingereza, chini yake mwaka, kisha akamwomba Shekinah asogee mbele, maana binti huyo alikuwa amekuja na maswali yake kwenye daftari.